"Umenialika Mimi au Umeialika Simu Yangu?"

Bi Somo, assalaam alaykum na shikamoo.

Mdogo wetu wa mwisho anaolewa Mfunguo Mosi hii, Mungu akijaalia, na mie ndiye niliyeachiwa mambo ya kadi na ukumbi kwa sababu mama miguu haimpi tena. Nikah itakuwa msikitini kwetu Fuoni baada ya sala ya laasiri, na usiku wa pili yake wanawake tutakuwa ukumbini mjini. Mpishi tumempata, taarabu tumeshailipia kianzio. Kilichotukwamisha ni kadi.

Biharusi amesoma Dar na amerudi na mambo yake. Shemegi yake, kaka wa bwanaharusi, anafanya kazi za kompyuta, basi wakakaa wawili wakaichora. Nzuri, siwezi kusema uongo. Karatasi nene rangi ya maziwa, majina ya maharusi kwa maandishi ya dhahabu, na chini yake msimbo wa QR, nao wa dhahabu. Basi. Hakuna tarehe, hakuna ukumbi, hakuna hata jina la baba. Ukitaka kujua harusi lini na wapi, uskani ule mraba ufungukiwe na ukurasa wenye kila kitu: saa, ramani, mahali pa kujibu kama unakuja na mko wangapi, na mahali pa kutuma zawadi ya pesa kwa simu. Ukumbini nako wanataka vibao. Kimoja mlangoni, uskani ujue meza yako. Vyengine juu ya meza, ili kila mtu apige picha azitie kwenye albamu moja, biharusi azione zote asubuhi.

Wanasema tutaokoa pesa na tutajua idadi ya watu kabla ya kumwambia mpishi. Hilo la idadi ndilo lililonivuta. Harusi ya dada yetu wa pili biriani ilituishia wageni wa Pemba hawajala, na mpaka leo tunasemwa.

Fundi wa kadi Darajani alitutolea chache za mfano. Moja nikampa mtu aliyekuwa akipanda boti, amfikishie shangazi yetu Wete. Huyu ndiye mkubwa wetu upande wa baba, na simu yake ni ya batani. Jioni akapiga. Hakuniuliza hata hali. "Umenialika mimi au umeialika simu yangu?" Akakata.

Tangu siku ile baba hasemi, na biharusi analia kuwa sisi watu wa zamani. Na huo mraba wenyewe, Bi Somo, simu ya mume wangu imeukataa kabisa, ya mwanangu iliusoma baada ya kuigeuzageuza kadi kwenye taa.

Fundi anataka jibu wiki hii. Niupinge mraba wote, au shangazi ndiye abembelezwe? Na jengine: wifi yake biharusi anasema atasimama mlangoni na simu akiskani kadi za wageni, asiyekuwa nayo asiingie. Unalionaje?

Dada Mkubwa, Fuoni

*

Waalaykum salaam mwanangu, marahaba, na hongereni.

Shangazi yenu ana haki. Mdogo wako naye hajafanya kosa kuupenda mraba. Mmegombana kwa sababu kadi imeupa mraba kazi mbili, na moja si yake. Kumwelekeza mtu harusi iko wapi na saa ngapi, hiyo kazi simu inaiweza, tena inaiweza vizuri kuliko sisi. Kumwita mtu haiwezi.

Kwetu mtu huitwa na mtu. Kabla ya kadi, alitoka mwanamke akapita nyumba kwa nyumba na buibui lake, akapiga hodi, akakaa, akaulizwa hali za watu wote, ndiyo akasema: fulani anakualikeni kwenye harusi ya mwanawe siku fulani. Na wapo wazee ambao mpaka leo kadi peke yake hawaihesabu kuwa ni mwaliko. Kadi ilipoingia ilichukua kazi ile ile, ndiyo maana juu yake huandikwa jina la mzazi kabla ya jina la maharusi. Ni mzazi anayeita. Sasa shangazi kaifungua yenu, kamkuta nani? Ndugu yake hayumo. Angekuwa na simu ya bei kuliko ya biharusi angesema neno lile lile, kwa hivyo musijidanganye kuwa tatizo ni batani.

Basi maneno yarudi kwenye kadi. Jina la baba, majina ya maharusi, tarehe ya Kiislamu na ya Kizungu, msikiti wa nikah, ukumbi na mtaa wake, na saa iandikwe kwa Kiswahili chetu: saa 2 usiku. Nalitaja hili makusudi, maana kurasa hizi za simu hupenda kuandika 20:00, na kuna bibi atakayekuuliza hiyo ni saa ngapi. Mraba ukae nyuma ya kadi au pembeni chini, na chini yake mstari mmoja wa kusema kilichomo: "Ramani na maelekezo ya safari." Kipimo changu ni hiki: mtu asiyeuskani asikose chochote cha kumfikisha harusini. Anayeuskani apate wepesi wa ziada.

Na shangazi asipigiwe simu. Mtu apande boti. Baba akiweza aende mwenyewe, hawezi basi kaka yenu mkubwa, na biharusi amfuate kabla hajawekwa ndani. Wachukue kadi mpya na doti ya kanga. Halua wasichukue, kumpelekea mtu wa Wete halua ya mjini ni kumtia ugomvi mwengine. Wakishakaa, biharusi amfungulie ule ukurasa kwenye simu yake mwenyewe, amwoneshe ramani. Wazee hawachukii mambo mapya kama tunavyowasingizia, wanachukia kupitwa. Halafu apewe kazi, na kazi hiyo nitaisema nikifika kwenye idadi.

Sasa mraba wenyewe, kwa nini simu ya mumeo imeukataa. Msimbo huu ulitengenezwa Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari kiwandani. Hakuna aliyefikiria dhahabu wala karatasi ya rangi ya maziwa. Kamera inachotafuta ni tofauti ya kiza na mwanga: vile visanduku vitatu vikubwa vya pembeni huijulisha mraba umekaa vipi, halafu inasoma vidoa vyeusi na vyeupe. Dhahabu inayong'aa, ukiielekeza hivi inaonekana nyeusi, ukiigeuza kidogo taa inaipiga inakuwa nyeupe kama karatasi. Ndiyo maana mwanao alikuwa akiigeuzageuza. Majina ya maharusi yabaki na dhahabu yao, mraba uwe mweusi, au kahawia iliyokoza, juu ya karatasi isiyong'aa. Na wasiugeuze ukawa mweupe juu ya weusi kwa sababu unapendeza; simu nyengine huukataa.

Usipungue sentimita 2 kila upande; mie ningeweka 2 na nusu, wazee mikono inatetemeka. Uachwe uwazi mtupu kuuzunguka, upana wa vidoa vinne, pasisogee ua wala mstari wa nakshi. Najua biharusi atataka herufi za majina yao katikati ya mraba. Inawezekana, kwa sababu msimbo unaweza kutengenezwa kwa namna ambayo hata asilimia 30 ukiharibika bado unasomeka, lakini akiba hiyo muiwekee mikunjo, jasho na mafuta ya sambusa. Na fundi apelekewe faili la PDF lenyewe, si picha iliyopitishwa WhatsApp ikapungua ubora njiani.

Muulize na shemegi swali moja, tena asijibu kwa haraka: mraba huu umebeba anwani ya ukurasa wenyewe, au unapitia kwanza kwenye tovuti ya kampuni iliyoutengeneza? Kuna aina mbili. Ya kwanza, ikishachapwa imechapwa, haina mwenyewe wa kuizima. Ya pili hupitia kwa mtu, nayo ina raha yake, kwa kuwa unaweza kubadilisha inakopeleka hata baada ya kuchapa kadi. Lakini nyingi huanza bure kwa muda, muda ukiisha wanataka kulipwa, usipolipa mraba unakufa. Kadi mnagawa mwezi mzima kabla ya harusi. Chukueni ya kwanza, iende kwenye ukurasa ambao shemegi anaweza kuurekebisha mwenyewe. Ukumbi ukibadilika anabadilisha maneno ndani, mraba haujui. Na anwani iwe fupi, maana kila inavyorefuka vidoa vinazidi kuwa vidogo na kubanana.

Kadi pia itasafiri kwa WhatsApp, mutake musitake. Hapo mraba hugeuka mzaha: mtu kapokea picha kwenye simu yake, aiskani kwa simu gani? Wajanja wanajua kuibonyeza ile picha simu ikausoma. Wengi hawajui. Mkituma picha ya kadi, tieni na linki chini yake.

Ramani musichague kwa kukisia mukiwa Fuoni. Mtu asimame mlangoni pa ukumbi na simu, aweke alama pale pale, na nyengine mlangoni pa msikiti kwa ajili ya wanaume. Kisha ongezeni maneno, ushukie daladala wapi, upite nyuma ya nini. Wageni wa Dar na Maskati watafuata ramani. Wa hapa watauliza njiani.

Idadi. Hapa nakuvunja moyo kidogo. Watu wetu hawajibu kadi. Ukimuuliza mtu utakuja, atakwambia inshaallah, na inshaallah hiyo ina tano zake: ya kuja, ya kutokuja, ya kutegemea gari, ya kukuridhisha tu, na ya kuja na watoto wote. Atakayejibu kwenye simu kuwa wako wawili utamwona mlangoni na wanne, na hajasema uongo, mavyaa yake kafika jana kutoka shamba. Ukimpikisha mpishi kwa hesabu ya fomu, biriani itakuishieni tena.

Fomu ibaki kwa wanaosafiri. Mtu wa Dar, wa Maskati, wa Uingereza, anayekata tiketi, huyo anajibu. Muulizeni matatu tu: jina, wangapi, na siku gani anateremka Malindi bandarini au uwanja wa ndege, mujue wa kumpokea na pa kumlaza. Waliobaki wahesabiwe kwa watu. Kila mtaa na kila ukoo awepo mmoja anayeshika daftari, na wa Wete awe ni shangazi. Yeye ndiye anayejua nani atasafiri kweli na nani anasema tu, na wangapi watataka kulala. Mwambieni baba amuombe kazi hiyo kwa mdomo wake. Hesabu zikikusanyika mpeni mpishi, naye azigeuze masinia anavyojua, na mumwambie wazi kuwa sinia za wageni wa Pemba zitengwe kabla ya kupakuliwa chochote.

Mahali pa kutuma pesa patoke kwenye kadi. Bara wana kadi za mchango na kamati, ni desturi yao na inawafaa. Kwetu pesa hutoka kwa bahasha, au kwa tunza taarabu ikikolea, na mtoaji ndiye anayechagua wakati. Ile misimbo ya TANQR iliyoletwa na Benki Kuu ni ya kulipia madukani, na mie sitaki kuingia harusini nikajiona nimesimama kaunta. Jamaa wa nje akiuliza atume vipi, apewe namba faraghani na mtu mmoja anayejulikana, ahakikishe na jina linalotokea kabla ya kutuma.

Kibao cha mlangoni cha kutafuta meza sikioni na maana. Mlango wa ukumbi wa wanawake una wasichana wa mrashi na udi, una mabuibui yanavuliwa, una watoto. Ukiwasimamisha watu pale kila mmoja atoe simu, atafute kamera, aulize bando, foleni itafika barabarani. Tena hawatakaa ulipowapangia, watakaa na jamaa zao. Tengeni mbele kwa wazee na watu wa upande wa bwanaharusi, wekeni wasichana wawili wa kuwapeleka. Wakishikilia lazima kibao kiwepo, basi wachukue umbali atakaosimama mtu wagawe kwa 10: wa mita 1 na nusu anataka mraba wa sentimita 15. Kile kidogo alichokichora kwenye kompyuta hakitasomwa na mtu.

Nimeiacha albamu kwa sababu ndiyo inayonitisha, na wewe umeipitia kwa mstari mmoja tu. Mwanangu, usiku ule ukumbini wake za watu watakuwa wamevua mabuibui, nywele wazi, migongo wazi, wanacheza. Wamevua kwa sababu mumewaambia humu ni wanawake peke yao. Halafu juu ya kila meza munaweka kibao kinachosema piga picha utie humu. Nani ataiona albamu ile? Yeyote mwenye mraba. Na mraba ni picha tu: msichana mmoja akikipiga kibao akakitia kwenye stetasi yake, mlango umefunguliwa kwa kila mwenye namba yake, wanaume kwa wanawake, na utabaki wazi muda wote albamu ipo. Shemegi ndiye aliyeitengeneza, kwa hivyo wa kwanza kuziona ni mwanamume. Simtuhumu kijana wa watu. Nasema mambo yalivyo.

Atakwambia ipo namna ya albamu inayopokea picha bila ya kuonesha za wengine. Kweli ipo. Lakini picha yenyewe si imeshapigwa? Imo kwenye simu ya mtu, na simu zinaazimwa, zinaibiwa, zinapelekwa kwa fundi.

Kwa hivyo usiku wa wanawake hakuna mraba wa albamu mezani. Kibao kiwepo, cha maneno makubwa: "Tafadhali, simu mkobani." Asimame mpiga picha mmoja mwanamke, mwenye kujulikana, akimaliza kadi ya kamera aikabidhi mkononi kwa biharusi au kwako usiku ule ule. Mkipenda albamu ya pamoja, iwekeni kwa wanaume siku ya nikah. Kanzu, kofia, kahawa na maulidi, wapige mpaka wachoke, na mraba ubandikwe barazani watu wakitoka msikitini. Mwambie shemegi hivyo na ataona kazi yake haikutupwa. Jioni wakishamaliza kibao kiondolewe, usije ukabandikwa mraba mwengine juu yake.

Na wifi wa mlangoni. Kwanza mwambie mraba wa kadi zenu zote ni mmoja. Akiskani kadi mia, simu itamfungulia ukurasa ule ule mara mia, na aliyetumiwa picha ya kadi na shoga yake atafungukiwa sawa na aliyealikwa. Kumjua mgeni kwa msimbo kunataka kila kadi iwe na wake peke yake na orodha nyuma yake, na hiyo ni gharama nyengine na kazi nyengine. Pili, mwanamke katoka Wete kwa boti, kadi kaisahau kwenye begi, anasimamishwa mlangoni na msichana asiyemjua. Hapo kelele hazitaishia kwenye simu.

Wasimame watu wazima wawili, mmoja wa upande wenu na mmoja wa upande wa bwanaharusi, wanaojua sura, na orodha ya karatasi mkononi, maana umeme nao una siku zake. Wifi akae nao awe mwepesi wa kukimbia ndani kuuliza. Anayejulikana apite, ana kadi hana kadi. Asiyejulikana aulizwe kaja na nani kabla ya kuulizwa kadi.

Bi Somo